Transfoma Niliyoichoma Mwenyewe

Ukimsalimia yule mzee akiwa kazini, ulijibiwa kwa hesabu.

"Habari ya asubuhi, Mzee?"

"Mia tatu na nane, mzuri, mia tatu na tisa, keti hapo, mia tatu na kumi."

Hakuinua kichwa. Mkono wa kulia ulizungusha kishikio, wa kushoto uliongoza waya wa shaba ujipange kwenye koili, na kila alipomaliza mia alisimama, akatoa punje moja ya maharagwe kwenye mkebe huu akaitia kwenye mkebe ule. Hilo ndilo lililokuwa daftari lake. Mimi nilikuwa mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi pale Eldoret, nina diploma, nina kalamu nne kwenye mfuko wa dastikoti nyeupe, na siku ya kwanza nilimweleza kwamba kuna kifaa maalum cha kuhesabu mizunguko, kinauzwa Nairobi. Akaniuliza kama kifaa hicho kikiharibika kinaweza kupikwa.

Kazi yake ilikuwa kusuka upya mota na transfoma zilizoungua. Za viwandani, za posho mili za kusagia mahindi, za pampu za maji kutoka mashambani, zote zililetwa kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya duka la spea mjini. Alitoka upande wa ziwa kama wengi waliokuja kutafuta kazi viwandani. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuuliza. Namwandika kwa sababu nilimdanganya. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi, haukujaza hata pumzi moja, lakini ulimfungia kibanda. Nitaufikia, nimeukwepa vya kutosha. Ila niacheni kwanza niwaonyeshe mtu mwenyewe, mjue ni nani niliyemfanyia hivyo.

Alikuwa maridadi, tena wa kuudhi. Humo ndani mlikuwa na vanishi, masizi na matope ya Eldoret ya mwezi wa saba, lakini yeye alivaa tai. Koti lake la kazi lilipigwa pasi mpaka likawa na makali. Ukimletea mota chafu alikutazama wewe kwanza, kisha mota, kisha wewe tena, mpaka unajikuta unaomba radhi kwa grisi ambayo hata si yako.

Alisuka transfoma maisha yake yote, na nyumbani kwake Munyaka hakukuwa na stima. Nguzo ya umeme ilisimama nje ya ua wake kabisa. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa ameomba wee mpaka akachoka. "Nashinda nayo mchana," alinijibu siku moja nilipomchokoza. "Unataka nilale nayo pia?" Mama akasikia kutoka jikoni akasema, "Mwalimu, muulize hii taa ya mafuta nayo inalala na nani." Mzee akajifanya hakusikia.

Na Jumamosi hakugusa stima hata kwa kijiti, maana alikuwa wa kanisa linaloshika Sabato. Lakini Jumamosi hiyohiyo, baada ya ibada, ungemkuta nyuma ya nyumba na redio imebanwa sikioni, mpira unatangazwa. Nilimshika siku moja nikidhani nimempata.

"Mzee, na hiyo?"

"Hii ni betri."

"Betri si stima?"

"Betri ni dawa, Mwalimu. Stima ni ile inatoka kwa ukuta. Nyamaza, ni kona."

Basi ndiye huyo niliyemwendea nilipokwama na mashine yangu.

Niseme mashine ilikuwa nini, kwa sababu wakati ule niliieleza kwa watu wengi na sidhani hata mmoja alielewa, mkuu wa chuo akiwemo. Ilikuwa meza ya chuma yenye kisu cha umeme juu yake cha kuchonga mbao. Mota mbili zilisogeza ubao, moja mbele na nyuma, nyingine kushoto na kulia, na ya tatu ilipandisha na kushusha kisu. Mota hizo nilizing'oa kwenye printa kubwa za ofisi zilizotupwa. Hazizunguki hivihivi, zinakwenda hatua kwa hatua, na zilipokea amri kutoka kompyuta ndogo ambayo chuo kilipewa na wafadhili, ile inayotumia televisheni kama kioo. Unaandika neno, mashine inalichonga. Miaka hiyo, Eldoret, jambo kama hilo lilikuwa karibu na uchawi, na mimi nilijihisi mchawi mkuu.

Tatizo lilikuwa chakula cha hizo mota. Zimeandikwa volti tano. Mimi, msomi, nikasoma tano, nikatafuta tano. Nikachukua kichaji cha kaseti, nikakifanyia ukarabati kikatoa volti tano safi kabisa, nikawaita wanafunzi waje waone. Mota zikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ubao haukusogea hata upana wa kucha. Wanafunzi wakapiga makofi, nadhani kwa huruma.

Nikaenda kwa mwenye duka la spea, Msomali mmoja mcheshi aliyekuwa na malori matatu ya kwenda kaskazini. Akaniazima betri mbili za lori. "Mwalimu, wallahi, hii inaamsha injini ya Leyland. Itashindwa na hicho kitoto chako?" Haikushindwa. Mota zilikwenda mbio ajabu, kwa dakika nne hivi, kisha zikawa za moto kiasi kwamba mwanafunzi mmoja aliuliza kama aweke chapati. Nikajaribu mashine ya kuchajia betri ya gari. Hiyo ilinguruma, na mota zikaruka hatua. Nilipoandika herufi O nilipata umbo la kiazi.

Ndipo mwenye duka akasema, "Si huyo mzee yuko hapo nyuma? Muulize." Niliona aibu. Mimi nimuulize mtu anayehesabu kwa maharagwe? Nikaenda hata hivyo, na mota moja ndani ya mfuko wa nailoni, nikaanza kumfundisha. Nilimfundisha dakika ishirini nzima juu ya sumaku na hatua na mpigo. Akasikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Hiyo kitu sijawahi kuona. Iwashe."

Niliiwasha kwa betri ya lori, ikiwa imesimama tu. Akaweka kiganja juu yake. Tukangoja. Nikaanza kusema jambo, akaninyamazisha kwa kidole.

"Imesimama," akasema, "na bado inakula."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mota ya kawaida ikisimama imezimwa. Hizi zangu zikisimama zinashikilia, na kushikilia nako ni kazi. Akaanza kuniuliza maswali, moja moja, kwa upole wa kuumiza. Ziko ngapi? Tatu. Kuna wakati zote zinashtuka pamoja? Upo, kwenye kona. Kwa hivyo umehesabu chakula ya moja ama ya tatu? Nikakohoa. Na moja inakunywa ampea ngapi? Nikasema volti ni tano.

"Sikuuliza volti, Mwalimu. Volti ni nguvu ya kusukuma. Nakuuliza inakunywa ngapi."

Yaani nilirudi chuoni kupima kitu ambacho mimi mwenyewe huwatahini wanafunzi.

Nilipomletea hesabu alicheka kidogo, akaniambia nimekuwa nikichagua kama mtu anayenunua viatu kwa kuangalia rangi. Akapanga hivi: nguvu ya kusukuma iwe kubwa kuliko ile iliyoandikwa, ili mota ziamke haraka; kisha mbele ya kila mota tuweke kipande cha waya wa jiko la umeme, uzuie isinywe kupita kiasi. Transfoma ibebe mota zote tatu na ibaki na pumzi. Na kompyuta ipewe transfoma yake peke yake. "Usiilishe pamoja na hizi. Zikishtuka zitaisahaulisha maneno."

Waya mnene haukupatikana Eldoret mwaka huo. Kwa hivyo akasuka koili mbili zilizofanana kabisa za waya mwembamba, juu ya chuma kimoja, ili zibebe mzigo kwa pamoja, mwanzo umeunganishwa na mwanzo, mwisho na mwisho. Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopotelea. Ukigeuza moja, ukaunganisha mwanzo wa hii na mwisho wa ile, koili hazisaidiani tena. Zinapigana, na zote zinaungua. Kwa macho huwezi kujua upi ni mwanzo. Waya nne zinatoka, zote sawa. Kwa hiyo yeye, kwenye kila mwanzo, alifunga kiuzi chekundu alichotoa kwenye sweta kuukuu la Mama. Kila koili aliyosuka maisha yake yote ilikuwa na kiuzi hicho. Mafundi wote mjini walikijua.

Tulifunga transfoma hiyo tukaijaribu siku tatu. Mashine ilichonga. Jamani, ilichonga! Herufi O ikawa O. Nilimleta mzee chuoni aione; alikuja na tai, akasimama pembeni, akatazama kisu kikipita kwenye ubao wa msonobari kutoka Kaptagat, akasema tu, "Haina kelele." Kisha nikamwona anajifuta macho kwa leso, akilalamikia vumbi la mbao. Nilimpenda sana siku ile, na nilipaswa kumwambia.

Mgeni wa heshima alikuwa anakuja. Ambao hamkuishi miaka ya chama kimoja, niwaambie: mgeni wa heshima hakuwa mtu wa kuaibishwa. Prinsipo wetu, yule mkuu wa chuo, alipaka chokaa mawe, akapaka miti, angepaka na ng'ombe wa jirani kama wangesimama. Kila mwalimu alikaguliwa kama ana beji ya chama kifuani. Mashine yangu ilitakiwa kuchonga mbele ya mgeni maneno AMANI, UPENDO NA UMOJA, na ilitakiwa kupendeza.

Sasa mimi nikaitazama ile transfoma, imekaa wazi mezani na viuzi vya sweta vinaning'inia, nikaona haya. Mgeni ataona viuzi! Atasema hiki ni chuo au ni kikundi cha akina mama cha kushona? Nikatengeneza kisanduku kizuri, nikakipaka rangi ya kijivu. Nikafungua maungio, nikakata vile viuzi kwa mkasi, nikavika waya zote vijimirija vyeusi, safi, sawasawa. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili nikajipongeza. Kisha nikaziunganisha tena kwa kukumbuka, na nilikumbuka kwa uhakika kabisa, kama tu tunavyokumbuka mambo yasiyo ya kweli.

Asubuhi ya siku yenyewe niliwasha, fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, ikaungua. Fyuzi ilikuwa ikinieleza jambo, tena inarudia, lakini magari ya wageni yalishafika Cheptiret, njiani kuja kwetu, na mimi sikuwa na masikio. Nikachukua waya wa kawaida, nyuzi nne, nikauweka mahali pa fyuzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefanya hivyo ningemfukuza darasani.

Mgeni akafika, akapigiwa nyimbo, akasimama mbele ya mashine. Nikabonyeza. Kulitokea mngurumo, kisha harufu, kisha moshi mweusi ukatoka kwenye kisanduku changu kizuri cha kijivu ukampanda mgeni wa heshima mpaka kwenye kola. Kisu hakikugusa ubao. Mgeni alikohoa, akacheka, akasema teknolojia ni safari ndefu, akaenda kuonyeshwa sungura.

Prinsipo hakucheka. Jioni hiyo aliniita ofisini akafunga mlango.

"Ile ilikuwa ni ajali," akauliza, "ama ni makusudi?"

Watu walikuwa wamepoteza kazi kwa neno hilo makusudi, na wengine zaidi ya kazi.

"Nani alitengeneza hiyo kitu?"

"Ni yule mzee wa mjini," nikasema. "Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nadhani waya ziligusana ndani."

Huo ndio uongo wenyewe. Wakati ule hata sikuwa najua kama ni uongo. Nilisema lililonijia kwanza mdomoni. Lakini wiki hiyohiyo nilijifungia karakana, nikaikata transfoma, nikafuata waya wake safu kwa safu. Ilikuwa imesukwa vizuri kuliko yoyote niliyowahi kuona. Hakuna mahali waya ziligusana. Kosa lilikuwa nje, mahali nilipounganisha mimi. Nikaifunga kwenye gunia nikaiweka kabatini, nikatia kufuli.

Siku mbili baadaye mzee akaja chuoni, kwa miguu, na tai yake. Habari ilikuwa imemfikia. Hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi.

"Mwalimu, naomba nione ile transfoma. Nataka nione mahali nilikosea."

Alisimama karibu na kabati lenyewe, angenyosha mkono angeligusa.

"Ilitupwa, Mzee," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akaenda.

Chuo hakikumpelekea mota tena. Viwanda vikafuata, kwa kuwa mji ni mdogo na Prinsipo ana mdomo. Mwenye duka la spea peke yake aliendelea kumpelekea kazi, na siku moja akaniambia kwa mshangao kwamba mzee amezikataa. Mwezi uliofuata kibanda kilifungwa. Mimi nikajiambia nini? Nikajiambia mzee anajua. Fundi kama yule lazima anajua kazi yake haikuwa na kosa. Ameamua kunisitiri, na amefunga kwa hiari kwa sababu umri umekwenda. Nilijipangia hadithi nzuri ambayo ndani yake yeye ni mkarimu na mimi ni mtu wa kusamehewa. Nikaishi nayo miaka sita. Nilipomwona mjini nilivuka barabara.

Kisha nikahamishiwa chuo kingine, mbali. Wiki ya kuondoka nikasema siwezi kwenda bila kumuaga. Nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda Munyaka nikiwa nimejiandalia maneno, ya utani kidogo, ya kuomba radhi kidogo, tucheke tuyamalize.

Nilimkuta uani kwenye kiti, bila tai. Alikuwa na sinia la mchele magotini anachagua mawe, na miwani minene ya kununuliwa barabarani imepandishwa juu ya paji la uso. Vidole vyake vilikwenda haraka. Alitoa kijiwe kidogo ambacho mimi, niliyekuwa nimesimama karibu naye, sikukiona mpaka alipokitupa.

"Mwalimu! Umepotea sana."

"Niko, Mzee. Siku hizi husuki tena?"

Akacheka. Aliishusha ile miwani machoni, kama mtu aliyekumbushwa jambo la adabu.

"Na haya macho? Si wewe mwenyewe uliona."

Maneno yangu yote niliyoyaandaa yakayeyuka. Hakujua. Hajawahi kujua. Aliamini nilichosema mimi kuliko ilichojua mikono yake, kwa sababu mimi nilikuwa Mwalimu.

"Mzee," nikasema, "macho yako hayana kitu. Transfoma ilikuwa sawa. Mimi nilikata vile viuzi, nikaunganisha vibaya. Fyuzi ikaungua, nikaweka waya."

Aliweka sinia chini polepole.

"Uliweka waya."

"Niliweka."

"Na ulijua lini?"

"Wiki ile ile. Niliifungua."

"Kabla nikuje kwako, ama baada?"

Hilo swali nililiogopa miaka sita bila kulijua.

"Kabla, Mzee. Ilikuwa kabatini."

Hakunipigia kelele. Ningefurahi angepiga. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Kisha akaita, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake:

"Mama! Wacha hiyo maneno ya jikoni, kuja hapa!"

Mama akatoka akipangusa mikono. Mzee akaninyoshea kidole.

"Sema tena."

Nikasema tena. Ilikuwa vigumu kuliko mara ya kwanza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, kana kwamba anazungumza na mtu mwingine, "Kwa hivyo haikuwa macho."

"Hapana, Mama."

"Huyu mtu analala akihesabu. Miaka sita namsikia. Anaisuka ile kitu upya usingizini, akifika mahali fulani anashtuka, anaanza tena moja. Anatafuta mahali alikosea." Akanitazama. "Na hakukuwa na mahali."

Nililia, nisiseme uongo tena. Hakuna aliyeninyamazisha. Mzee alivua ile miwani akaiweka mfukoni, akavuta kiti cha pili akanipa nikae. Nikasema nitaandika barua chuoni, nitakwenda kwa mwenye duka, nitakwenda viwandani. Akasema ndiyo, nitakwenda, na atanisindikiza mwenyewe ahakikishe. Mama akauliza kama nitakunywa chai.

"Atakunywa," mzee akasema. "Lakini kwanza amwambie huyo."

Nikageuka. Langoni alikuwa amesimama mama mmoja wa jirani na chupa, amekuja kununua maziwa, hanijui wala simjui. Nikainuka, nikamsalimia, nikaanza mwanzo.